Uzi Wenye Mafundo Matatu

Wiki iliyopita niliishia pale nilipokuwa nimeshika pasi mkono wa kulia na chupa ya marashi mkono wa kushoto. Kama hukusoma, nitakupa kwa kifupi. Aibu haipendi kurefushwa.

Mimi na shangazi yangu tuna duka la dobi, mlango wa tatu katika safu ya milango saba. Bwawa linalolisha mji mzima lilikauka, mabomba yakaanza kupiga mluzi badala ya kutoa maji, na milango minne kati ya ile saba ikafungwa. Sisi hatukufunga. Watu wakawa wanaulizana, hawa wenzetu wanafulia nini?

Tulikuwa tunafulia marashi. Hapana, niseme kweli, mimi ndiye niliyekuwa nafulia marashi. Nguo inaingia na jasho lake, naikung'uta, naitundika juani kidogo, nainyunyizia wanga na maji ya waridi, kisha naipitishia pasi ya moto hadi inasimama yenyewe. Mteja ananusa, anatabasamu, anaondoka.

Shangazi hakujua, kwa sababu macho yake yamefunga ukungu mwaka wa pili sasa. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Lishike hilo neno, nilidhani. Tutalirudia.

*

Kabla sijaenda mbele lazima nieleze habari ya uzi, maana bila uzi hadithi hii haishiki.

Kila nguo inayoingia kwetu, Shangazi huitia uzi mweupe ndani ya pindo. Mshono mmoja tu, na ncha yake anaifunga mafundo. Fundo moja ni la kinyozi jirani yetu. Mawili ni ya mwalimu wangu wa masomo ya jioni. Shangazi haoni, lakini vidole vyake vinasoma mafundo kuliko mimi ninavyosoma gazeti hili. Nguo ikishafuliwa na kukauka, aliyeifua huukata uzi na kuutumbukiza kwenye kopo la maziwa lililo karibu na meza ya pasi. Aliyefua tu. Hakuna mwingine anayegusa mkasi.

"Ukikata huo uzi umeapa," aliniambia nikiwa na miaka kumi na miwili, siku aliyonikabidhi mkasi. "Umesema hii ni safi, na mimi ndiye niliyeisafisha."

Kwa wiki tano nilikata nyuzi za nguo ambazo hazikuona hata tone la maji ya kufulia.

Kinyozi, tunayemwita Wembe, yeye alipita njia yake. Siku ile mabomba yalipokauka alichukua kipande cha boksi akaandika: HAKUNA MAJI. NANYOA KAVU. MWENYE KULIA ALIE TARATIBU. Akakitundika mlangoni. Watu walicheka, wakaingia, wakalia taratibu, na mwezi uliofuata wakarudi.

"Na wewe andika, shemeji," aliniambia. "Andika hapa ni pasi tu, kufua hakuna. Aibu iko wapi?"

"Nikiandika hivyo, nani ataleta nguo?"

"Mwenye nguo zilizokunjamana. Huoni shati langu?"

Nilimcheka. Kule kwenye masomo ya jioni tulikuwa tumefundishwa neno moja, uendelevu, na nililipenda hadi nikaliandika kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu. Biashara endelevu. Nilidhani maana yake ni mlango kuwa wazi kila asubuhi.

*

Sasa twende.

Jumatatu moja akaingia mkunga. Ana nyumba ya uzazi ng'ambo ya barabara, vitanda sita na baraza. Ndiye aliyempokea binti yangu duniani, binti tunayemwita Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati. Siku tatu mkunga alikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka mtoto akashika joto. Mtu wa namna hiyo akiingia dukani kwako unasimama.

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba, binti yangu. Kaa, kaa. Mimi mwenyewe nakaa kabla sijakaribishwa." Akajitupa kwenye benchi. "Nimezunguka mji mzima. Madobi wote wamefunga. Kila ninayemuuliza ananiambia, si uende pale kwa shangazi asiyeona, nguo zao zinatoka kwa wakati na zinanukia."

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Hakusema neno. Ule ukimya sikuutilia maanani.

"Ni mashuka," mkunga aliendelea. "Boza la maji linaniletea mapipa manne kwa wiki. Mawili ni ya wazazi na vyombo. Mawili nakupa wewe. Ya mashuka tu. Yachemshwe, yafuliwe, yasuuzwe mara mbili. Ukikubali, kazi ni yako hadi mvua zirudi, na zikirudi bado ni yako. Nikikosa mtu, Ijumaa nafunga, na hawa mama wakajifungulie wanakojua."

Nilitaka kulia. Si kwa sababu ya kazi peke yake, ingawa kazi ile ingetuvusha. Ni kwa sababu ya maji. Maji ya kweli, ya kuchemka, ya kutoa povu. Ningeweza kuwa dobi tena.

"Nakubali," nikasema, na moyoni nikaapa kwamba marashi basi.

Shangazi akanyoosha mkono kutafuta sindano. "Ya mkunga yatakuwa mafundo matatu," alisema. "Mama, mtoto, na aliyewapokea."

*

Mashuka yalikuwa yanaletwa na Bi Deki. Ni mama mtu mzima anayepiga deki pale kwa mkunga, ndiyo maana ya jina. Kila Jumatatu anavuka barabara na fungu kichwani, nyuma yake mkokoteni wenye mapipa mawili.

"Mashuka yako haya, yote yamezaa salama," ndivyo alivyokuwa akinisalimia. Kisha anainama kwenye tenga ambamo Kifungo analala. "Na wewe, umenenepa hivi? Wewe si kifungo tena. Wewe ni zipu."

Kifungo anacheka mpaka anapata kwikwi.

Wiki mbili nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nilichemsha, nikafua, nikasuuza mara mbili. Mikono yangu ilichubuka na nilifurahi ilivyochubuka. Maji ya mwisho, yale ya kusuuzia, nilimpa Wembe akaoshea mataulo yake, naye akawa ananinyolea baba Kifungo bure kila akirudi kutoka machimboni. Tukawa tunaishi hivyo, mlango kwa mlango. Nilijisemea kwamba sasa ndiyo nimelielewa lile neno la kalamu nyekundu.

Wiki ya tatu akaja karani.

Karani huyu ni mteja wa zamani, wa wakati wa marashi. Aliingia amebeba mfuko, akautua juu ya meza, akatoa shati moja, akalikunjua kola mbele ya uso wangu.

"Dada, nieleze. Mke wangu ananiuliza nalala wapi. Shati linanukia waridi, kola nyeusi kama sufuria."

"Labda sabuni ilikuwa hafifu, bwana."

"Sabuni au maji?"

Nikaanza kulikunja lile shati.

"Ofisini tuko kumi na mmoja tunaoleta nguo hapa," akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Wenzangu wanasema hapa kuna mchezo. Mimi nikawaambia haiwezekani, yule mama namjua, shangazi yake namjua. Mashati yao ni haya, kumi na moja. Niambie tu, niwajibu nini?"

Hapo ndipo ningemwambia, kaka yangu, samahani, maji hayakuwepo, chukua nguo zako. Maneno hayazidi kumi. Wembe angeyaandika kwenye boksi na kuyawekea mzaha juu.

Nikasema, "Niachie. Kesho asubuhi utayakuta safi, na wewe mwenyewe utanusa sabuni."

Akaondoka. Nikatazama mapipa mawili ya mkunga, yamejaa mpaka shingoni.

Nikafungua moja.

Moja tu, nikajiambia. Ya mashuka tu, alisema mkunga, na mimi nilimsikia vizuri, sikuwa na nta masikioni. Lakini mashati kumi na moja yakipona, duka limepona. Duka likipona, mkunga naye amepata dobi wa kudumu. Unaona jinsi nilivyojipangia? Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Mashati yakatoka meupe. Pipa lililobaki likachemsha mashuka manane, likayafua, likayasuuza. Likaisha.

Mashuka yalikuwa kumi na mawili.

Manne yaliyobaki niliyakunjua moja moja, nikayatazama mwangani. Hayakuwa na doa. Nikakisia kwamba walioyalalia walikaa siku moja wakaenda kwao. Nikayanusa. Yalinuka kidogo, harufu ya mtu tu. Na Bi Deki alikuwa anayafuata alasiri ileile, kwa sababu vitanda vilikuwa vitupu na kuna mama wawili walikuwa wameshika viuno barazani.

Nikateremsha ile chupa kutoka kwenye rafu.

Nilipolitandika shuka la kwanza juu ya mkeka ili nilinyunyizie wanga, Kifungo akatoka kwenye tenga lake. Siku hizo alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Akaliona shuka, jeupe, pana, akaja mbio kwa magoti, akalaza shavu lake juu yake kama mtu aliyefika kwake.

Nikamnyanyua haraka.

"Usilale hapo, mama," nikamwambia. "Ni chafu."

Kama ni kuungama, naungama hapo hasa. Nililitamka kwa mdomo wangu. Chafu. Nikamrudisha mwanangu kwenye tenga lake, nikampangusa shavu kwa khanga yangu, mara mbili. Kisha nikapiga pasi. Kisha nikashika mkasi nikakata nyuzi nne zenye mafundo matatu, nikazitumbukiza kwenye kopo.

Bi Deki alipofika alilinusa fungu kabla hajalitwika.

"Haya manne yananukia kuliko ndugu zao."

"Nimeyapendelea," nikasema.

Akacheka, akavuka barabara.

*

Zikapita siku tisa.

Mkunga alipoingia safari hii hakukaa. Alisimama katikati ya duka, mikono ameikunja kwapani kama anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

"Nina watoto wawili wana malengelenge," akasema. "Mgongoni na mapajani, yanatunga usaha. Mmoja nimempeleka hospitali kubwa asubuhi hii. Wa pili yuko na mama yake, homa inapanda."

Shangazi akageuza uso kutoka dirishani. "Walilalia mashuka yapi?"

"Ya fungu la Jumatatu ya wiki iliyopita, dada. Ndiyo nimekuja kuwaambia, msije mkasikia mitaani mkadhani nawasema ninyi." Akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa mema. "Ninyi sikuwauliza hata. Uzi wenu naujua. Nimewahoji wote wa kwangu mmoja mmoja, na nimepata. Ni Bi Deki."

"Bi Deki kafanya nini?" nikauliza. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

"Mlinzi anasema alimwona siku ile amelitua fungu chini, barabarani, anapumzika. Chini, kwenye vumbi, na mashuka mmeshayafua. Mwenyewe anakiri alipumzika, anasema aliliweka juu ya jiwe. Jiwe gani? Miaka kumi na minne niko naye. Leo jioni ananirudishia funguo."

Nilikuwa na ulimi. Najua nilikuwa nao kwa sababu niliuuma.

"Pole sana, Mama Mkunga," nikasema.

Hayo tu. Pole.

"Asante, binti yangu. Mwangalie Kifungo. Usimlete kwangu siku hizi mbili tatu, mpaka nisugue vitanda vyote." Akatoka, na alipofika mlangoni akapapasa fremu ya mlango, yeye mwenye macho mazima.

*

"Funga mlango," Shangazi akasema.

Nikafunga.

"Niletee kopo."

Nikamletea lile kopo la maziwa.

"Hilo liache. Chini ya kiti changu kuna la pili."

Sikuwahi kujua kuna la pili. Nikainama, nikalitoa. Lilikuwa kopo la kahawa, limejaa nyuzi mpaka juu.

Shangazi akaliweka mapajani. Akatoa uzi mmoja kutoka kwenye kopo la maziwa, akanipa. "Fungua fundo hilo."

Nikajaribu. Lilikuwa gumu kama punje ya mchanga. Ukucha uliteleza.

"Uzi wa pamba ukizama majini unajikaza, si ukinyunyiziwa," alisema. "Fundo haliachii tena. Haya, jaribu huu." Akachagua mwingine kutoka kwenye kopo la kahawa.

Nililigusa tu, likafunguka.

Nje Wembe alikuwa anamwambia mteja asitikise kichwa.

"Kila siku ukienda kumwogesha mtoto mimi namimina hilo kopo na kuchambua," Shangazi akasema. "Zilizoona maji nazirudisha. Zisizoona naziweka humu. Wiki tano, mwanangu. Nikafikiri, ataniambia kesho. Ataniambia Jumapili. Kisha mkunga akaja na mapipa yake, nyuzi zikaanza kutoka ngumu, nikamshukuru Mungu, nikasema yamepita, hakuna haja ya kumuumbua."

Akaingiza vidole kwenye kopo la kahawa, akatoa nyuzi nne. Hakuzitafuta. Alikuwa amezifunga pamoja. Akazilaza juu ya goti lake, na kwenye kila uzi akanigusisha kidole. Mafundo matatu. Mafundo matatu. Mafundo matatu. Mafundo matatu.

"Nilikusikia ukimwambia mtoto," akasema. "Macho ndiyo yamekufa. Masikio yangu hayana ukungu."

Nilipiga magoti.

"Shangazi, kwa nini hukuninyang'anya mkasi?"

Alijibu akiwa ameinamisha uso, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Kwa sababu na mimi nilikula. Kila ulichopika kwa marashi yako mimi nilikila, na nikasema kitamu. Niliogopa duka kufungwa mikononi mwangu. Mama yangu alilifungua, nami nilisema halitafungwa nikiwa hai. Kumbe lilikuwa limeshakufa. Sisi tulikuwa tunaipiga pasi maiti."

Akaanza kupapasa ukutani kutafuta fimbo yake.

"Nipeleke kwa mkunga."

"Tukamwambie nini?"

"Nitamwambia ni mimi. Duka ni langu, uzi ni wangu. Nitasema nilipapasa vibaya, nikakata nyuzi za nguo ambazo hazijafuliwa. Kipofu akikosea, watu wanahuzunika wanaondoka. Wewe una mtoto. Likitajwa jina lako, hakuna atakayekuletea hata soksi maisha yako yote. Mimi nimeshafua za kunitosha."

Sasa sikiliza nilichofanya, na ndicho kitu kinachonifanya niandike haya badala ya kulala mchana mtoto akilala.

Nilishusha pumzi.

Sikusema hapana. Sikusema Shangazi, usinibebee. Mabega yangu yalishuka yenyewe na pumzi ikatoka, ndefu, ya mtu aliyetuliwa gunia. Na chumba kilikuwa kimya. Aliisikia.

Alininyooshea mkono nimwongoze.

*

Kuvuka barabara kwenda kwa mkunga ni hatua arobaini. Nilikuwa na Kifungo kiunoni, na mkono wangu mwingine ulikuwa wa Shangazi. Yeye alishika fimbo kwapani na kopo la kahawa kifuani.

"Aa, Shangazi katoka nje," Wembe akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Basi leo mvua inanyesha."

"Wembe," Shangazi akasema bila kusimama, "lile boksi lako bado liko mlangoni?"

"Lipo, Shangazi. Limepigwa jua, lakini linasomeka."

"Lisije likaanguka."

Wembe alinitazama mimi. Nilitazama lami.

Tulipofika kwenye geti la nyumba ya uzazi Bi Deki alikuwa amekaa juu ya ngazi, amefunga vitu vyake kwenye khanga, funguo ziko mapajani. Alipomwona Kifungo uso ukamfunguka, kisha akakumbuka, akaufunga.

"Njoo, zipu," alimnong'oneza tu, bila kunyoosha mikono. "Au usije. Wanasema mimi ni mchafu siku hizi."

Shangazi alisimama. Akanibana mkono.

"Hapa ndipo mwisho wa njia ninayoijua," akasema kwa sauti ya chini. "Kuanzia hapa, anayeona ni wewe."

Kabla sijajibu mlango wa baraza ukafunguka.

Aliyetoka hakuwa mkunga. Alikuwa mwanamke kijana, wa umri wangu hivi, bado anatembea kwa kujikaza kama anavyotembea aliyejifungua majuzi. Mtoto alikuwa begani mwake, amelazwa kifudifudi ili mgongo usiguswe na kitu. Mkono mwingine alishika shuka lililokunjwa, lile ambalo halikurudi kufuliwa tangu siku ile. Sikuhitaji kuambiwa ni lipi. Harufu ya waridi ilinifikia kabla yake.

"Nani kati yenu ndiye dobi?"

"Ni mimi, mwanangu," Shangazi akasema, na akainua kopo. "Mimi ndiye niliyeka..."

"Wewe mama huoni." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka mno kwa ukali. "Namuuliza anayeona."

Akanitazama. Akamtazama Kifungo, mashavu yake, mapaja yake yaliyojaa, ngozi yake isiyo na hata kipele.

"Nimemsikia huyu mama analia tangu asubuhi," akasema, akimwonyesha Bi Deki kwa kidevu. "Anasema hakuliweka chini. Mimi namwamini, lakini mimi nani? Sasa nakuuliza wewe. Hili lilitoka kwenu likiwa safi?"

Nikafungua mdomo. Ulimi ukaenda kule ulikozoea.

"Kwetu kila nguo ina uzi..." nikaanza.

"Sijauliza uzi."

Akalikunjua shuka, akalitandika juu ya benchi la barazani, akalinyoosha kwa kiganja kama tunavyonyoosha sisi, pembe hadi pembe. Lilikuwa jeupe, wanga bado umeshika kwenye pembe. Pasi yangu ile, hata mimi ningeisifu.

"Kama lilitoka safi," akasema, "basi mlaze wako."

Bi Deki aliinua kichwa. Mkono wa Shangazi ulikuwa ndani ya wangu na haukutikisika.

Na Kifungo, mwanangu, alisikia harufu ya dukani kwetu, harufu ya tenga lake na khanga yangu na mchana wake wote. Akacheka. Akanyoosha mikono miwili, akajitupa kutoka kiunoni mwangu kuelekea kwenye shuka, kwa uzito wake wote, kama mtu aliyefika kwake.

Nikamdaka hewani.

"Usilale hapo, mama," nikasikia nikisema, mbele ya wote. "Ni chafu."

Kopo la kahawa lilimponyoka Shangazi, na nyuzi zikamwagika ngazi nzima, wiki tano za nyuzi nyeupe.

Bi Deki akasimama, funguo mkononi. Na mlangoni, nyuma ya yule mwanamke, mkunga alikuwa amesimama. Sijui alikuwa pale tangu lini.